Kwa Nini Njia ya Irindi Hupita Ndani ya Nyumba

Enzi hizo njia ya Irindi ilikuwa na adabu zake. Ilitoka bondeni, ikapanda katikati ya migomba na mashamba ya maharage, ikafika mgongoni mwa kilima, ikazizunguka kwa mbali nyumba za mawe zilizokuwa pale juu, kisha ikateremka upande wa pili kwenda nyikani. Haikukanyaga ua wa mtu. Aliyetaka kuingia alisimama nje akapiga hodi, akasubiri, akapiga ya pili, akapiga na ya tatu. Asipoitikiwa alikwenda zake bila kinyongo. Hodi ya nne ni ya mtu asiye na haya, na watu wa Irindi walikuwa na haya kupita kiasi, kama mtakavyoona.

Katika moja ya nyumba zile aliishi Nakijwa na mumewe Sekiete, mfua chuma. Nakijwa alikuwa na sauti, jamani! Ikifika siku ya msaragambo, ile siku ya wote kulima shamba la mmoja, hakuna aliyetumwa kupita nyumba kwa nyumba. Nakijwa alisimama juu ya jiwe akaita, na watu wa ng'ambo ya bonde wakabeba majembe yao wakaja.

Majembe yenyewe aliyafua Sekiete. Mengine aliyabeba kwenda nyikani kubadilishana kwa mbuzi na chumvi, na huko alikuwa akikaa. Si kukaa kwa kupumzika miguu, ni kukaa mpaka mtama unavunwa hayupo, mvua zinaanza hayupo. Mwaka mmoja Nakijwa alimwona anafunga tena mzigo wake, naye hata hajamaliza kula chakula cha kurudi. Hasira zikampanda. Akamfuata mpaka mlangoni, akamwambia kwa sauti ile iliyosikika ng'ambo ya bonde, "Nenda zako! Na siku ukirudi upige hodi hapo nje kama wageni wengine, maana hapa si kwako tena!"

Sekiete akainama kuchukua mzigo. Alikuwa mtu wa kuweka maneno moyoni, wale ambao ukiwatania leo wanakuja kukujibu mwakani. Akajitwisha majembe yake akaenda.

Hasira za Nakijwa hazikufika hata jioni. Jua halijatua alishapika chakula cha watu wawili. Yale yalikuwa maneno ya mdomoni tu, na ni mwanamke gani hajawahi kumwambia mumewe hivyo au zaidi ya hivyo? Lakini Sekiete hakurudi msimu ule, wala uliofuata.

Kisha chemchemi ya mgongoni mwa kilima ikakauka. Watu wakabomoa paa zao, wakahamia chini kwenye mto, wengine upande wa bonde na wengine upande wa nyika. Walimbembeleza Nakijwa afuatane nao, akakataa. Mumewe akirudi atarudi wapi? Njia aliyoijua ni ile, mlango alioujua ni ule. Wakamwacha na kuta zake.

Upweke wa pale juu si wa kusimuliwa, lakini nitajaribu. Alikuwa akiteka maji mbali, anapanda nayo kichwani, anapita nyumba tupu moja baada ya nyingine akisalimia milango. Mwanzoni alisalimia kwa sauti, baadaye kwa kichwa. Mwaka mmoja akaugua koo, akakaa kitandani bila mtu wa kumpa maji, akapona. Sauti ndiyo haikupona. Ila kwa kuwa hakuwa na wa kusema naye, hata hakujua iliondoka siku gani.

Alikuja kujua mchana mmoja akichambua maharage chumba cha nyuma. "Hodi!" mtu akaita nje. Nakijwa akatega sikio. Sauti ile angeitambua hata katikati ya soko. Alikuwa ni Sekiete, amerudi, na anapiga hodi kama alivyoambiwa! Akafungua kinywa aseme karibu, ikatoka pumzi tupu. "Hodi!" Akainuka, miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa kukaa, akaanguka juu ya ungo, maharage yakatawanyika. "Hodi wenyewe!" Akatambaa, akashika ukuta, akafika mlangoni. Hakukuwa na mtu. Chini kule kwenye mteremko wa nyika aliona mgongo anaoujua, unakwenda taratibu, una mzigo. Akapiga makofi, na upepo wa Irindi ukayachukua.

Akamfuata. Aliingia kila shamba, akichungulia kila kibanda, akiwashika watu mikono na kuwaonyesha kwa ishara mtu mrefu mwenye mzigo. Mwishowe akafika kwa Nanzia, binti aliyekuwa ameolewa karibuni, anapalilia.

"Amepita kitambo, mama, sasa yuko mbali nyikani," Nanzia akasema. "Nilimpa maji. Alisema huko juu amepiga hodi zote akanyimwa hata neno, basi ameelewa."

Ameelewa! Nakijwa akaketi pale pale juu ya tuta, akalia, na kilio chenyewe hakikuwa na sauti. Nanzia hakujua afanye nini, akaketi naye.

Siku ya pili watu wa chini walisikia mawe yakianguka kileleni. Walipopanda walimkuta Nakijwa anabomoa nyumba yake. Alikuwa ameupanua mlango wa mbele ukawa uwazi mkubwa, na sasa anabomoa ukuta wa nyuma. Mawe aliyoyatoa aliyarundika kwenye njia ya zamani, ile ya kuzunguka kwa mbali, akaiziba kabisa. Wakasema amechanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa hata kidogo. Alitaka kila apitaye Irindi aingie mbele na kutokea nyuma, apite kando ya jiko lake, asiwe na mlango wa kupigia hodi wala sababu ya kungoja kuitikiwa.

Wapita njia wakaanza kupita humo, kwa aibu kwanza, kisha kwa mazoea. Nakijwa aliketi kwenye jiko lake katikati ya nyumba. Kila akisikia hatua aliinua uso, akamtazama mtu, kisha uso ukashuka. Wengi waliharakisha ili wasiuone ule uso unaposhuka. Nanzia alipopita na mzigo wake wa ndizi, ilimshinda. Akasimama, akasema neno lililomjia, "Nimerudi, mama."

Nakijwa akatabasamu. Akamchotea uji.

Neno likaenea. Kila aliyepita, awe wa bondeni au wa nyikani, alisema nimerudi, na kila aliyesema alipata uji. Wazee wengine walimkemea Nanzia kwamba amewafundisha watu uongo. "Uongo gani?" akawauliza. "Si nilipita juzi? Na leo si nimerudi?"

Miaka ikaenda, macho ya Nakijwa yakaingia ukungu. Akawa haoni nyuso tena, anaona vivuli tu vikiingia kwenye mwanga na kutoka. Ndipo Sekiete akaja mara ya pili. Alikuwa mzee, ndevu zimekwisha kuwa nyeupe, mzigo hana, na hodi alikuwa amekuja nayo tayari mdomoni. Hakuona mlango wa kuipigia. Akaingia taratibu mpaka penye jiko, akamwona mkewe, akasema kwa sauti iliyokwaruzwa na uzee, "Nimerudi."

Nakijwa akatabasamu, akamchotea uji, akamwonyesha kwa mkono uwazi wa nyuma njia inakoendelea.

Sekiete akanywa. Nyuma yake wakaingia wanawake wawili wenye kuni, nao wakasema nimerudi, nao wakapewa uji na tabasamu lile lile. Basi akaelewa tena. Mwanamume huyu na kuelewa kwake! Akaweka kibuyu chini, akatoka kwa nyuma kama wote.

Alikutana na Nanzia huko chini, upande wa bonde, anapanda na mzigo. Nanzia akamwona mzee analia njiani, akamuuliza ana nini.

"Yule mama wa juu ni mke wangu," akasema. "Nimemwambia nimerudi, akaninywesha uji kama mpita njia."

Nanzia akatua mzigo. "Wewe ndiye Sekiete? Ulimtajia jina?"

"Mtu anataja jina nyumbani kwake?"

"Baba, kila mtu pale husema amerudi. Sisi ndio tuliomharibia neno. Na hata ile siku ya hodi zako alikusikia! Hana sauti. Alikukimbilia mpaka shambani kwangu, akalia mbele yangu. Rudi ukataje jina!"

Mzee aligeuka. Kilima kile kinachosha hata wenye magoti mazima, naye alikipanda bila kupumzika. Akaizunguka nyumba, akaingia kwa mbele, akasema, "Nakijwa, nimerudi. Ni mimi, Sekiete."

Safari hii Nakijwa hakutabasamu. Alimshika mikono, akaipapasa vidole na viganja, akagusa makovu ya moto wa kufulia chuma, moja baada ya jingine. Hakumchotea uji. Alimketisha jikoni, akamkandamiza mabega kumwambia tulia hapo, kisha akaenda kwenye ule uwazi wa nyuma. Akainua jiwe, akaliweka chini kwenye msingi wa ukuta. Akainua jingine.

"Unafanya nini, mke wangu?" Sekiete akauliza. Lakini mara hii alielewa vizuri mwenyewe. Mkewe alikuwa anaziba pa kutokea. Akataka kuinuka amsaidie, akaashiriwa akae, akakaa, akamtazama anavyopanga. Ukuta ulipofika magotini Nakijwa aliegemea jiwe la mwisho kuvuta pumzi, na pumzi hiyo hakuirudisha.

Sekiete alimzika kando ya nyumba. Watu wakamwambia aje akae nao chini kwenye mto, akakataa. Wakamuuliza kama wammalizie ule ukuta, au waubomoe njia ipite vizuri. Akasema usiguswe, si juu wala chini. Akaishi mle peke yake, watu wanapita wakimtajia majina yao, mpaka siku zake zikaisha.

Na mpaka leo njia ya Irindi hupita ndani ya nyumba, ingawa pembeni kuna nafasi tele. Ng'ombe huzungushwa kwa taabu, wanadamu huingia. Siku hizi huja hata wageni wenye mikoba mgongoni, wanaotembea toka shamba hadi shamba kutazama magofu, nao huuliza kwa nini mawe yale ya nyuma hayaondolewi. Huambiwa wainue mguu tu. Paa hakuna, jiko hakuna, wa kuitikia hakuna. Lakini apitaye pale, hata akiwa peke yake, husema amerudi, akataja jina lake kwa sauti, kisha husimama kidogo kabla ya kuvuka.