Kidole cha Fundi Donatien

Katika mtaa wa Nyakasanza, mjini Bunia, vyerehani huanza kulia kabla jua halijakausha umande juu ya mabati. Miongoni mwa mafundi wa mtaa huo alikuwapo Donatien, mzee wa miaka sitini na mitatu, mnyofu kama uzi uliovutwa. Watu walimjua kwa mambo mawili. La kwanza, suruali aliyoikata yeye haikurudishwa na mteja. La pili, kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mpiga besi wa kwaya ya parokia yake, na katika miaka hiyo yote hapana mtu mwingine aliyewahi kuvaa mkanda wa gitaa lile siku ya Jumapili.

Besi ni gitaa lenye nyuzi nne nene. Halishindani na waimbaji, bali hutembea chini ya sauti zao kama msingi chini ya nyumba. Msingi hausifiwi na wageni, lakini ukitikisika kila mtu hutoka nje mbio. Donatien alijua hivyo, na alijivunia kazi yake. Alizikwaruza nyuzi kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, vikipokezana kama watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja. Kuhusu kile kijipande cha plastiki cha kupigia nyuzi, ambacho wanamuziki wa Bunia hukiita mediatori, hakutaka hata kukisikia.

"Besi inapigwa na nyama ya kidole," alikuwa akisema. "Mediatori ni ya watu wenye wanaogopa kuumia."

Miaka sita nyuma, msichana mmoja wa kwaya aitwaye Falone alithubutu kuipiga besi hiyo kwa mediatori wakati wa mazoezi. Donatien alimnyang'anya kile kijipande mbele ya watu wote na kukitupa dirishani. Falone aliondoka, akahamia kwaya nyingine upande wa Mudzipela, na huko akawa mpiga gitaa aliyesifiwa mji mzima.

Maji hufuata mkondo, na ajali hufuata haraka. Mwezi mmoja kabla ya Pasaka, Donatien akiwa anashona sare za harusi, sindano ya cherehani ilishuka juu ya kidole chake cha shahada, kile kile cha kupigia besi. Alikifunga kitambaa akaendelea na kazi. Kidole kikavimba, kikatunga usaha, na alipofika hospitalini daktari hakuwa na la kufanya ila kukiondoa kipande cha juu chote pamoja na ukucha. Jeraha lilipona upesi. Kilichobaki kilikuwa kidole kifupi, butu kama mpini wa kisu.

Donatien alijaribu kupiga kwa kidole cha kati peke yake, na besi ikachechemea kama mtu mwenye mguu mmoja. Akajaribu kukisaidia kwa kidole cha pete, lakini hicho kilikuwa dhaifu, na kabla wimbo haujafika nusu mkono wote ulikuwa umekakamaa. Waimbaji walitazamana. Mama Bénédicte, kiongozi wa kwaya, akamwita pembeni.

"Papa Donatien, siye tunakuheshimu sana," alisema kwa upole. "Lakini Jumatatu ya Pasaka kwaya zote zitakutana, na wimbo haingoje kidole iote. Jumamosi tutakusikiliza mara ya mwisho. Kama haiwezekani, besi itaenda kwa Rodrigue."

Rodrigue, kijana mwenye vidole kumi kamili na ulimi usio na breki, alikuwa amesimama karibu.

"Usihuzunike, Papa," akasema. "Utakaa mbele unapiga makofi. Makofi haiulizi kidole."

Watu walicheka. Donatien alitabasamu, lakini moyo wake ulikunjamana kama kitambaa kilichooshwa kwa maji ya moto. Miaka thelathini na mmoja! Alitembea hadi nyumbani akiwaza, na kabla hajalala alikuwa ameamua jambo ambalo lilikuwa gumu kwake kuliko kukatwa kidole. Kesho yake asubuhi alivaa shati safi akaenda Mudzipela.

Alimkuta Falone uani, akipura maharagwe yaliyotoka shambani Irumu.

"Papa Donatien!" Falone aliinua fimbo yake juu, nusu kwa salamu, nusu kwa kujihami. "Umekuja kutupa ingine?"

"Nimekuja kuomba ingine," mzee akajibu.

Falone alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Kisha akaona kile kidole, na kicheko kikakoma. Aliingia ndani, akatoka na gitaa lake la besi na mediatori moja ya rangi ya asali, iliyosagika pembeni kwa kutumika.

"Hii moja tu ndiyo iko ngumu ya kutosha kwa besi," alisema. "Kaa hapa, Papa. Shika."

Donatien alikishika kile kijipande kwa ncha ya gumba na ncha ya kidole cha kati, kama mtu anayemtoa mbwa kupe. Alipougusa uzi wa kwanza, mediatori ilizunguka. Akaibana zaidi. Alipougusa uzi wa pili, iliruka ikatua katikati ya maharagwe.

"Usikamate kama mutu anaogopa kuibiwa," Falone alimwambia, wakiitafuta wote wawili kwa mikono. "Ukibana sana, mukono inakauka, na mukono yenye imekauka haina muziki. Ilaze kwa ubavu ya kidole ya kwanza, halafu gumba ije juu yake."

"Ile kidole ya kwanza ilikufa, mutoto wangu."

"Ncha ndiyo ilikufa. Ubavu iko muzima."

Lakini Donatien hakukiamini tena kidole hicho. Kila alipokikunja alikiona kigeni, kama mkono wa mtu mwingine uliobandikwa kwenye wake. Alirudi Mudzipela siku ya pili, akarudi na ya tatu, na mara zote mediatori ilimponyoka. Siku ya nne hakwenda. Siku ya tano, Jumamosi ikikaribia, Falone mwenyewe alimfuata Nyakasanza.

Alimkuta kainama mezani, akichora mgongo wa koti juu ya kitambaa cheusi. Chaki yake ya fundi, ile bapa yenye ncha kali, ilikuwa ikiteleza bila kusita, ikiacha mstari mwembamba kama unywele. Falone aliganda mlangoni.

"Papa, usisogee!"

Donatien alidhani ameona nyoka. Falone alikaribia polepole, akaushika ule mkono wa kulia kama mtu anayeshika yai.

"Angalia vile umeshika hii chaki."

Donatien aliangalia. Chaki ilikuwa imelala juu ya ubavu wa kile kidole kifupi, kilichokunjwa kidogo. Gumba lilikuwa limeifunika bila kuikandamiza. Ncha iliyochomoza haikuzidi punje ya mchele, na kifundo cha mkono kilikuwa huru. Tangu atoke hospitalini alikuwa akikata nguo za watu namna hiyo kila siku, wala hakujua.

Falone aliichomoa chaki taratibu, akaweka mediatori mahali pale pale.

"Sasa uzi ya besi ni kitambaa," alisema. "Weye unakwaruza kama unachimba dhahabu ya Nizi. Chora tu. Chini, juu, chini, juu. Na huku nyuma, weka kiganja kidogo juu ya nyuzi, isipige kelele kama sufuria."

Besi ya Donatien ilikuwa ukutani. Aliitungua, akaiweka pajani, akachora. Sauti iliyotoka ilikuwa nene na safi, yenye makali kidogo mwanzoni, kama hatua ya mtu aliyevaa viatu vipya. Mzee akapiga tena, na tena, hadi majirani wakazima vyerehani vyao wasikilize.

Jumamosi, mbele ya kwaya nzima, Donatien alisimama kabla ya kupiga. "Miaka sita nyuma nilitupa mediatori ya Falone kwa dirisha," alisema. "Nilikosa. Yeye ndiye amenifundisha. Sasa musikilize." Alipomaliza, Mama Bénédicte aliitikia kwa kichwa, ameridhika, lakini kwa kuwa alikuwa mtu wa tahadhari akaongeza, "Tutaenda na weye. Lakini Rodrigue atakaa karibu. Ukikwama, anapokea."

Jumatatu ya Pasaka uwanja wa parokia ulijaa pomoni. Kwaya saba zilikuwa zimekwisha kuimba, ile ya Falone ikiwamo, na Falone mwenyewe alikuwa ameketi mbali, upande wa pili. Kwaya ya Donatien ilipanda jukwaani na wimbo wao wa shukrani. Besi ilitembea, ngoma ikaifuata, sauti zikapanda juu yake bila woga. Beti mbili zilipita, watu wakaanza kusimama. Mwishoni mwa ubeti wa tatu, ile mediatori kuukuu ya rangi ya asali ilikatika vipande viwili.

Kipande kimoja kilianguka, kingine kikabaki mkononi, kidogo kisichofaa kitu. Bahati ilikuwa kwamba ubeti wa nne uliimbwa na akina mama peke yao, vyombo vyote vikiwa kimya. Ubeti huo una mistari minne tu. Mstari wa kwanza ulipoanza, Rodrigue, aliyeona kila kitu, alinyanyuka na kunyoosha mikono apokee gitaa.

"Lete, Papa!" alinong'ona. "Imekwisha!"

Donatien hakumpa gitaa. Macho yake yalizunguka jukwaa lote bila kupata msaada, kisha yakashuka kifuani pake. Alikuwa amevaa koti lake la heshima, alilolishona mwenyewe, lenye vifungo vipana vya pembe ya ng'ombe. Mstari wa pili ukapita. Aliinama, akauma uzi wa kifungo cha juu kwa meno, akavuta. Uzi aliokuwa ameufunga mwenyewe haukukubali. Mstari wa tatu ukapita. Akavuta kwa nguvu zote, kifungo kikatoka na kipande cha kitambaa. Mstari wa nne ulipokuwa ukimalizika, kifungo kile kilikuwa kimelala juu ya ubavu wa kidole kifupi, gumba juu yake, ukingo wake umechomoza kiasi cha punje ya mchele.

Besi iliingia pale pale palipostahili, wala haikuchelewa hata kwa kufumba na kufumbua. Sauti ya pembe ilikuwa tamu kuliko ya plastiki. Upande wa pili wa uwanja mtu mmoja aliruka juu ya benchi akipiga vigelegele, na hakuwa mwingine ila Falone. Rodrigue alibaki kasimama, mikono imenyooshwa mbele. Hatimaye aliona haya kuishusha hivi hivi, akaitumia kupiga makofi.

Wimbo ulipokwisha na kelele kutulia, Mama Bénédicte alimsogelea Donatien, machozi na kicheko vikigombea uso wake.

"Papa, koti yako iko wazi mbele ya batu wote!"

"Koti nitaishona kesho," fundi akajibu, akifuta jasho. "Wimbo ilikuwa ya leo."

Hivyo ndivyo mzee Donatien wa Nyakasanza alivyobaki na besi yake, na ndivyo mji mzima wa Bunia ulivyoshuhudia kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.