Kiganja Juu ya Unga

Wema waliotangulia wametupokeza kwamba katika kijiji kimoja kikavu, kando ya njia ya misafara, aliishi mjane mcha Mungu aitwaye Bibi Raihana. Alioka mikate akiwauzia wasafiri, na faida yake yote ilikuwa kile walichokula wanawe jioni. Mwaka ule mvua ilikatika, na wanawake wauza mikate wakawa wanauza chakula huku matumbo yao matupu.

Desturi yao, kabla ya kwenda sokoni, ilikuwa kukandamiza kiganja juu ya unga mtungini na kufunika, ili mtu akichota ijulikane. Siku moja Raihana aliacha konzi moja tu ya unga. Aliporudi akakuta mtungi umejaa hadi shingoni, na alama ya kiganja chake haipo. Akasema, "Alhamdulillahi," akauoka wote, mingine akauza, mingine wanawe wakala. Na nani kati yetu asingefanya hivyo? Mtungi ukijaa, sote tu wepesi wa kushukuru.

Kesho yake alikuwa peke yake chumbani akiswali alasiri. Alipokwenda sijida akasikia unga ukimiminika mtungini taratibu, na hapakuwa na mtu wa kuumimina. Hakuikata swala. Alipotoa salamu akafunua. Mtungi umejaa tena, na juu ya unga pana alama ya kiganja chenye vidole vinne.

Alimjua mwenye mkono ule. Ni jirani yake, Bibi Ghaniya, muuza mikate mwenzake, aliyepoteza kidole kwa jiwe la kusagia.

Nje wanawe walikuwa wakilia njaa. Raihana akainua mkono juu ya alama ile. Ndipo sauti nyororo ikatoka ndani ya mtungi: "Futa tu, Raihana. Weka chako. Nani atajua?"

Akaurudisha mkono, akasema, "Audhubillahi! Njaa yangu naijua. Shibe hii siijui."

Akajitwika mtungi. Njia nzima sauti ikamnong'oneza, "Watakuita mchawi, watakuita mchawi," na mtungi ukazidi uzito kila alipopiga hatua.

Uani kwa Ghaniya akamkuta Tuhfa, yatima wa kaka yake Ghaniya, amefungwa kwenye nguzo, mgongo umevimba kwa fimbo.

"Mfungue mtoto, dada yangu," Raihana akasema. "Unga wako uko kwangu, na Mola ndiye ajuaye umefikaje. Wa jana tumekwisha kuula. Nitakusagia mpaka uniridhie."

"Kumbe mchawi ni wewe!" Ghaniya akapiga ukelele.

Raihana akautua mtungi, akaufunua. Ghaniya akautia mkono wake katika alama ile, ukaenea sawasawa. Mtungi ulikuwa kimya. Ghaniya akasema kwa sauti ya chini, "Lakini mchawi harudishi."

Akageuka kumfungua yatima, na vidole vyake vikawa vinashindwa na fundo.

"Shangazi," mtoto akasema, "si nilikwambia sikuchukua?"

Enyi waja wa Mola, Yeye ndiye Mwenye kuruzuku, na si kila kinachojaza mtungi ni baraka. Raihana alikuwa mja mwema, nasi hatumlaumu. Ila alishukuru siku moja kabla ya kuuliza, na kwa siku hiyo moja yatima alichapwa.