Kwa Nini Roketi Huhesabiwa Kurudi Nyuma

Nyamazeni kidogo. Na wewe mwenye simu, iweke chini, haina miguu, haitakukimbia. Mmeniuliza kwa nini warusha roketi huanza na kumi, wakaja tisa, wakaja nane, badala ya kuhesabu moja, mbili, tatu kama walivyofundishwa na mama zao. Mimi ni Kache wa Thoya. Nimefagia uwanja wa roketi miaka thelathini, na shangazi yangu aliufagia kabla yangu, naye ndiye aliyenipa habari hii. Mkiwapelekea waliosoma watawabishia. Waacheni wabishe, wao hawakushika fagio.

Zamani hizo mwezi ulikuwa haujakanyagwa na kiatu cha mtu. Huko juu kulikuwa na ndege, mawingu na Mungu, basi. Kisha binadamu, ambaye kutulia hakujui, akaanza vituko vyake. Akarusha tufe la chuma, likaizunguka dunia likilia pi, pi, pi, na watu wazima wakasimama nje kuitazama anga kama watoto. Akarusha mbwa, maskini ya Mungu, ambaye hakuulizwa kama anataka safari. Halafu akaanza kurusha macho, yaani mitambo inayokaa huko juu na kutazama chini, ione mvua inanyesha wapi na moto unawaka wapi. Jicho moja kati ya hayo lilikuwa lirushwe kutoka kwetu Bondeni.

Sasa, siku hizo walihesabu kwenda mbele. Fundi wa kwanza akimaliza kazi yake alipiga kelele "Moja!" Wa pili akimaliza, "Mbili!" Wakaendelea hivyo hivyo, na mkubwa wao akiridhika, popote pale, alisema "Washa!" Mara nyingine aliridhika kwenye arobaini, mara nyingine kwenye sabini na kitu. Mwisho aliujua yeye peke yake kifuani mwake. Na kulikuwa na amri: hesabu ikishaanza, asiye fundi afunge mdomo. Wafagiaji waliondolewa uwanjani, wakasimamishwa nyuma ya kamba, kimya kama magunia.

Mkubwa wa mitambo aliitwa Mhandisi Marwa. Hakuwa mtu mbaya, msije mkamchukia. Alikuwa mtu wa kazi, mwenye haraka, na aliamini saa zake, zile zenye mishale inayoonyesha kama kila kitu kiko sawa. Siku aliyofika Bondeni, wazee walimpokea wakisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Naye akawaambia, "Jicho hili likifika juu litaona mvua ya milimani siku mbili kabla maji hayajafika kwenu. Redio itawaambia, nanyi mtahama." Wazee wakatikisa vichwa kwa adabu. Lakini mama mmoja aliyekuwa ameketi nyuma alisimama, akauliza, "Siku mbili kamili?" Marwa akajibu, "Siku mbili, mama." Kesho yake alfajiri mama yule alikuwa langoni na fagio lake mkononi, akiomba kazi.

Huyo ndiye Nyevu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mto ulifurika bila kuaga. Kwetu Bondeni jua lilikuwa linawaka, hakuna hata wingu, watu wanapalilia mahindi. Mvua ilinyesha milimani, mbali, hatukuiona wala kuisikia. Maji yakaja kwa mkupuo mmoja yakawakuta wanawe wawili, Baya na Kanze, wakichota maji mtoni. Baya alipatikana siku ya tatu. Kanze hakupatikana. Nyevu hakulia. Watu walimsubiri alie, wakachoka kusubiri, wakaanza kusema moyo wake umekuwa jiwe. Yeye alibaki na mtoto mmoja mgongoni na neno moja mdomoni: jicho lile lazima lipande.

Akafagia. Mchanga wa uwanja ule ulikuwa adui, ukipeperushwa kidogo tu unaingia kwenye kila tundu. Wenzake walifagia hadi jua kali, wakajipumzisha. Yeye alirudia. Rafiki yake Mbodze alikuwa akimtania, "Nyevu, punguza, utaufagia uwanja mpaka utoboke." Naye akimjibu, "Acha utoboke. Lakini kitu hiki kitaenda."

Mwezi wa mvua ukakaribia. Marwa akatangaza siku, akasema ikipita hiyo, mawingu yatafunga na kazi itangoja hadi mwaka mwingine. Kwa hiyo watu wote wa Bondeni walikuja. Wazee waliketi mbele, akina mama na watoto nyuma yao, wafagiaji pembeni kwenye kamba yao. Jua lilikuwa kali kweli kweli. Fundi mmoja, kwa nia njema kabisa, alikuwa amevua kofia ya kitambaa iliyofunika bomba dogo ubavuni mwa roketi, lile ambalo tangi la mafuta hupumulia, akisema na lenyewe lipate hewa. Likakaa wazi tangu juzi yake. Kosa lilikuwa hilo tu, dogo kama punje.

Hesabu ikaanza. Ilipofika ishirini na nane, Nyevu akamwona nyigu.

Mnamjua yule nyigu mweusi, kiuno chembamba kama uzi, anayebeba udongo mdomoni? Kwetu ni adui wa nyumbani. Ukitundika mrija wa kunywea pombe ya mnazi ukutani, ukiusahau siku mbili, utamkuta keshajenga ndani, keshaziba kwa udongo. Ndiyo maana kwetu mrija haunyonywi kabla haujapulizwa. Hata bwana harusi akipewa mrija na mkwewe, anaupuliza kwanza, wala hakuna anayeona ni dharau. Basi Nyevu akamwona nyigu akitua kwenye lile bomba na donge lake la udongo, akaingia, akatoka mtupu, akaruka kwenda kuchota jingine. Huyo alikuwa hajengi msingi. Alikuwa anamalizia.

"Thelathini na mbili!" fundi akaita.

Sasa jiwekeni pale aliposimama yeye. Mtu aliyeitaka roketi ile ipande kuliko wote waliokuwapo ni yeye. Ikizuiwa leo, mvua inaingia, jicho linabaki chini, na mtoto wake wa mwisho analala kando ya mto ule ule. Ikiwashwa nayo imezibwa pumzi, tangi linapasuka, jicho linaungua, na Marwa anafungasha virago asirudi tena. Na hakujua amebakiwa na muda gani. Ilikuwa thelathini na tano, thelathini na sita, na neno "Washa" lingeweza kutoka kwenye namba yoyote. Akamshika Mbodze mkono, akamwambia, "Lile bomba limezibwa." Mbodze akamjibu kwa kunong'ona, macho yamemtoka, "Nyamaza, dada! Utatufukuzisha."

Akapiga kelele, "Bado!" Hakuna aliyegeuka isipokuwa mlinzi, aliyemwonyesha ngumi. "Arobaini na moja!" Nyevu akamshusha mtoto mgongoni, akamkabidhi Mbodze, akainama, akapita chini ya kamba, akakimbia. Mlinzi alimkamata leso, ikabaki mkononi mwake. Mama wa watu akaenda mbio na gauni la ndani mbele ya wakwe, wazee na serikali, hadi akafika chini ya roketi. Akaukumbatia mguu wake wa chuma, akang'ang'ania kama kupe. Hesabu ikafia kwenye hamsini na tatu.

Lo! Fujo iliyotokea msiulize. Watu wa Bondeni walizomea. Mzee mmoja alisema amepagawa na misiba. Walinzi watatu walimvuta, mikono haikubanduka. Marwa akaja mwenyewe, jasho likimtiririka, amewaka hasira.

"Mama, unajua unachokizuia?"

"Nakijua kuliko wewe," Nyevu akasema. "Wewe utarusha kingine mahali pengine. Mimi nimezika mmoja, na mwingine sijapata hata wa kuzika. Bomba lako limezibwa na nyigu. Lipulize."

"Saa zote zinaonyesha sawa."

"Saa zako hazijawahi kunywa mnazi. Lipulize. Likitoa hewa, nipeleke polisi, nitakwenda kwa miguu yangu."

Pale watu wengine walicheka. Marwa hakucheka. Alimtazama, akaitazama mikono yake iliyokuwa inatoka damu kwenye kile chuma, akamwita fundi aje na pampu ya hewa. Fundi akapuliza. Upande wa pili hakikutoka kitu. Akapuliza tena kwa nguvu zote. Kimya. Wakalifungua bomba, wakalipasua kwa msumeno, na ndani wakakuta udongo mkavu wa urefu wa vidole vinne, umepangwa vyumba vyumba, na katika kila chumba buibui waliolegea, chakula cha watoto wa nyigu. Nyumba nzima, hakikukosekana kitu ila mlango. Marwa akakaa chini mchangani, suruali yake safi na yote.

Kisha akauliza, "Mbona hukusema mapema, mama? Hesabu ilikuwa imeenda mbali."

"Ningejuaje imeenda mbali?" Nyevu akamjibu. "Mnapanda tu, na mwisho mmeuficha ninyi. Mtu mdogo akitaka kusema, kwanza anajipima: niseme sasa, au ningoje wakubwa waone wenyewe? Huku anajipima, mmeshawasha. Hesabuni kitu ambacho hata mimi nitajua kimebaki kiasi gani. Na huyo anayefagia mumuulize."

Bomba jipya lilichukua siku kumi na moja kufika. Hizo ndizo zilikuwa siku ngumu. Kila asubuhi mawingu yalisogea, na kila asubuhi watu walimtupia Nyevu maneno kisimani, kwamba nyigu mmoja tu amemfanya awacheleweshe wote. Yeye alifagia. Kila bomba alilipuliza kwa mdomo wake mwenyewe, akalifunika, akalifunga kwa kamba, na fundi akipita bila kulikagua alirudishwa. Siku ya kumi na mbili mawingu yaliachana kwa muda wa asubuhi moja. Marwa akapanda jukwaani, akatangaza kwamba leo hesabu itaanzia kumi na kuishia sifuri, na kila mtu aliyepo, awe mpishi awe waziri, anaruhusiwa kusema bado. Kabla ya kuanza alimuuliza mmoja mmoja. Alipofika kwenye kamba ya wafagiaji, uwanja mzima ulimgeukia Nyevu.

"Una bado, mama?"

Nyevu akaiangalia roketi kutoka chini mpaka juu, hakuharakisha.

"Sina. Nendeni."

Kumi, tisa, nane. Watu waliitikia hadi watoto, maana mwisho waliujua wote. Ikapanda, enyi watu! Ardhi ilitikisika, vyombo vikaanguka majikoni, kuku wakapotea siku nzima. Mvua ilianza jioni ile ile.

Wiki tatu baadaye, saa nne asubuhi, jua likiwa linawaka na hakuna wingu juu ya Bondeni, redio ikasema maji yameteremka milimani, yatafika baada ya siku mbili. Watu wakatazama mbingu, wengine wakaanza kubisha. Nyevu akapita mlango kwa mlango, akigonga kwa mpini wa fagio. Aliyesema atahama kesho alikuta godoro lake liko nje. Wakapanda kilima cha Mawe na mbuzi, na wagonjwa, na masufuria. Siku ya pili mto ulikuja. Ulichukua nyumba, ukachukua mahindi, ukang'oa hata msikiti. Wazee wakaanza kuita majina, ukoo kwa ukoo, na kila jina likaitikiwa.

Jina la mwisho lilipoitikiwa, Nyevu alikaa chini juu ya jiwe, mtoto wake mapajani, akalia. Alilia kwa sauti, akiwataja Baya na Kanze, mpaka jua likazama, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Mbodze alimshika mabega tu. Macho yote yale huko juu, na siku mbili tu ndizo walizozihitaji wale watoto.

Na tangu siku hiyo binadamu amekwenda mbali. Amekanyaga mwezi, amepeleka vigari huko kwenye nyota nyekundu, na kwa macho hayo hayo leo mnatazama mpira wa ng'ambo na kuulizia njia kwenye simu zenu. Lakini wakubwa wote hao, kwa elimu yao yote, wakifika mbele ya moto hawahesabu kwenda juu. Hushuka, kumi hadi sifuri, polepole, kila mtu asikie kimebaki kiasi gani. Namba zile si za kuwaambia mafundi wawashe; fundi anaijua kazi yake. Ni nafasi iliyoachwa kwa ajili ya mtu aliye nyuma ya kamba, na Nyevu aliinunua kwa watoto wawili.