Tembo wa Saa Kumi Jioni

Tajiri Mfinanga alikuwa akipanga safari ya wageni kumi na wawili. Kwenye ratiba aliandika: Jumamosi, saa kumi jioni, tembo wanakunywa maji. Kisha akaenda mahali wanaponywa, kwenye kisima pekee cha boma la mama mmoja mfugaji, Nashipae, akamwamuru ahame na watu wake wiki ileile.

"Wageni wangu hawakulipia kupiga picha ng'ombe," alisema.

"Wana haki. Tuondoe nini, bosi?"

"Kila kilicho chenu."

"Hata mbwa?"

"Hata mbwa."

"Na kazi tunayofanya hapa kila siku?"

"Hiyo ndiyo ya kwanza. Nisione alama ya mkono wenu."

"Basi niandikie, nisije nikasahau kitu."

Mfinanga akaandika, akatia sahihi, akacheka njia nzima.

Jumamosi saa kumi wageni walikaa na kamera zao mbele ya birika kavu la kunyweshea ng'ombe. Waliotokea ni nzi tu. Mfinanga alimkuta Nashipae ng'ambo ya kilima, kwenye kisima cha shemeji yake. Tembo tisa walikuwa wakingoja ng'ombe wamalize kunywa.

"Umeniibia tembo."

"Hapana, bosi. Maji ya kisima kile yako chini sana. Kila siku watu wanne walishuka na ndoo kujaza birika, ng'ombe wanywe, kisha tembo. Uliandika tuondoe kazi yetu."

"Rudini, basi."

Nashipae akatoa ile karatasi, akaigeuza. "Andika hapa kisima ni cha nani. Usiharakishe. Wageni wako wanaweza kupiga picha ng'ombe wakisubiri."