Ndoo ya Otmari

"Cha kukodi kioshe ukienda, usingoje kurudi."

Ndivyo mlivyosikia asubuhi, mlipotumwa kuchukua viti na masufuria ya harusi. Mkawaona kina mama wanadai ndoo ya maji kabla hawajatia sahihi, mkacheka. Sasa mnauliza msemo huo umetoka wapi. Msidhani ni wa wahenga waliokufa zamani. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Songea, na aliyeianzisha alikuwa dereva wa zamani, mtu mpole asiye na makuu, jina lake Otmari Ndunguru.

Otmari aliendesha lori la kahawa la chama cha ushirika miaka mingi, mpaka wakubwa wakakila chama kikabaki kibao cha jina tu. Kiinua mgongo alikisikia kwenye hotuba. Kilicholisha nyumba yake tangu hapo ni cherehani cha mkewe, Desideria, aliyeshona sare za watoto wa shule. Naye Desideria akaugua kifua. Wakazungushwa: leo daktari yuko semina, kesho mashine mbovu, keshokutwa njooni Jumatatu. Jumatatu ilipofika, Desideria hakuwepo tena.

Chini ya sindano ya cherehani kile lilibaki shati la shule, mkono mmoja umeshonwa, wa pili bado. Otmari hakuligusa. Kila asubuhi alikuwa akipita, anaangalia, anaendelea na kazi zake.

Arobaini ilipokaribia, mama mkwe wake, Bibi Kandida, akatuma salamu kutoka milimani Umatengo. Miguu yake ilikuwa imevimba, hakuweza kupanda basi, na mazishi yalikuwa yamempita. "Mwambieni mkwe wangu," alisema, "mwanangu sikumzika. Na arobaini nayo ikinipita, nitakufa sijamuaga."

Hapo ndipo Otmari alipokwenda kwenye kampuni moja ya kukodisha magari, nyuma ya soko. Leseni alikuwa nayo. Amana waliyoitaka hakuwa nayo. Meneja, kijana mnene mwenye viatu vya kung'aa, akamuuliza nyumbani ana nini cha maana. Otmari akafikiri sana, kisha akasema, "Cherehani."

Akakileta mwenyewe kwenye toroli, na lile shati chini ya sindano. "Naomba hili msilitoe," alimwambia karani, binti mmoja aitwaye Fausta. Fausta akaitikia kwa kichwa, akakiingiza stoo.

Gari lenyewe ndiyo kwanza lilikuwa limerudi kutoka porini, tope limeligandia mpaka kwenye vioo. Fausta akaleta karatasi yenye picha ya gari. Kila mkwaruzo unaoonekana huwekewa alama pale, ili mtu asije akalaumiwa kwa kosa la mwenzake. Utaratibu mzuri, kama ungekuwa mikononi mwa watu wazuri.

"Zungukia, mzee, utazame mwenyewe," meneja akasema akiangalia saa. "Una macho."

Otmari akazunguka. Aliona tope. Akarudi, akatia sahihi kwamba gari halina alama hata moja, akaondoka mbio kumfuata bibi.

Bibi Kandida alifika. Alikaa kwenye misa, akashikwa huku na huku mpaka kaburini, akaweka kiganja juu ya udongo, akanong'ona maneno yake na mwanawe. Siku ya pili Otmari akamrudisha kwake polepole, kama aliyebeba mayai.

Akiwa njiani kurudi mjini, akasimama kwenye kijito. Desideria alikuwa na neno lake: chungu cha jirani hakirudi na masizi. Hata alipoazima kawa ya kufunikia chakula, aliifuta kabla ya kuirudisha. Basi Otmari akavua shati, akakunja suruali, akalisugua gari la watu kwa sabuni mpaka matairi. Lilipong'aa akajisikia vizuri, mara ya kwanza tangu msiba. Mikwaruzo aliiona ikijitokeza, akasema moyoni, gari hili nalo limeteseka. Hakuwaza zaidi ya hapo.

Meneja alilizunguka mara moja tu.

"Huu hapa," akasema, akigusa kwa kidole. "Na huu mlangoni. Na huku nyuma limebonyea. Mzee, umeliua gari."

"Mimi? Baba, haya niliyakuta. Yalikuwa chini ya tope."

"Karatasi inasema lilitoka safi."

"Karatasi haina mikono ya kupangusa tope." Otmari akainama. "Tazama hapa ndani ya mkwaruzo. Kutu. Mkwaruzo wa juzi unaota kutu leo?"

Meneja akacheka. "Mzee, umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La nne."

"Basi mimi nimesoma, na hiki ninachokisoma ni sahihi yako. Lipa matengenezo, uchukue cherehani. Kama una malalamiko, sanduku la maoni lile pale ukutani."

Otmari aliandika malalamiko yake kwa taabu, herufi moja moja, akayatumbukiza. Kisha akamuuliza Fausta, "Hili sanduku hufunguliwa na nani?"

Fausta akainamisha macho. "Ufunguo anao meneja, babu."

Akaenda kwenye ofisi za serikali. Huko akaambiwa alete barua tatu, zipitie kwanza kwa meneja. Mnaona mambo ya wakubwa? Ukiibiwa kuku, wanakutuma kwa mwizi akuandikie barua.

Usiku ule hakulala vizuri. Si chuma kilichomuuma. Ni ule mkono mmoja wa shati. Aliwaza shati wamelichomoa, wamelitupa, wamelifutia viatu.

Asubuhi alirudi kwenye kampuni na ndoo, kitambaa na kipande cha sabuni. Mwalimu Kapinga, mama mmoja mwenye haraka zake, alikuwa akitoa gari lenye tope getini.

"Mwalimu, simama kidogo."

"Baba Ndunguru, nimechelewa!"

"Hata mimi nilichelewa. Dakika tano tu."

Akaosha ubavu mmoja. Mikwaruzo mitatu, na mahali palipobonyea pakapakwa rangi juu juu. Mwalimu akashuka, akarudi ofisini na karatasi yake. Sauti yake ilisikika mpaka sokoni. "Andika hapa! Na hapa! Unadhani nafundisha watoto wa chekechea peke yao?"

Meneja akatoka. "Mzee, nani kakuajiri?"

"Hakuna. Naosha bure."

"Hapa ni eneo la kampuni!"

"Ndiyo maana nimesimama barabarani, baba."

Siku ya pili aliosha magari mawili. Siku ya nne watu walikuja na vitambaa vyao. Wauza nyanya wakaacha meza zao waje kutazama, wakimpigia meneja kelele: "Bosi, leo nunua kalamu mpya, hiyo itaisha wino!" Waliowahi kutozwa zamani nao wakajitokeza, kila mmoja na kisa chake, kila mmoja alidhani amepatwa peke yake. Otmari hakutukana mtu. Alichota maji, akaosha, akaenda nyumbani.

Siku ya nane meneja akamwita ndani.

"Chukua cherehani chako. Ndoo hiyo nisiione tena."

Fausta akakitoa stoo. Kilikuwa kijivu kwa vumbi, utando wa buibui umeshika gurudumu. Meneja akasukuma karatasi mezani. "Tia sahihi hapa, kwamba umekipokea kizima."

Otmari akashika kalamu. Kisha akailaza mezani.

"Nileteeni maji."

"Mzee!"

"Maji, baba. Nina haraka kuliko wewe, lakini nileteeni."

Fausta alikuwa ameshakwenda kuyachota. Otmari akakiosha taratibu kwa kitambaa chenye unyevu, kama anayemwosha mgonjwa. Akafika chini ya sindano. Shati lilikuwepo, mkono mmoja, na uzi bado umepita kwenye tundu la sindano pale pale Desideria alipouacha. Fausta alikuwa amelifunika kwa kipande cha kanga. Otmari akamtazama binti yule.

Halafu akaona alama. Juu, karibu na gurudumu, rangi nyeusi ilikuwa imelika mpaka chuma kikaonekana, ukubwa wa kiganja.

Meneja akaruka. "Hiyo si sisi!"

"Najua," Otmari akasema. "Fausta, iandike. Andika kwamba ilikuwepo tangu zamani. Hiyo ni ya mwenyewe, kiganja chake kilishinda hapo miaka yote."

Fausta akaandika. Otmari akatia sahihi, akakipakia kwenye toroli, akapita sokoni watu wakimpisha njia. Ndoo aliiacha getini makusudi. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuiondoa, na hakuna anayechukua gari pale asiyechota kwanza.

Kwa hiyo kesho msiwacheke kina mama. Mwenye mali ana karatasi, ana ufunguo, na anajuana na wenye ofisi. Wewe una maji tu, na yatumie mapema. Cha kukodi kioshe ukienda, usingoje kurudi.