Kimekuja kwa Meli Gani?

Inasimuliwa, na Mola ndiye Mjuzi, kwamba zamani, Amerika ilipokuwa ingali chini ya mfalme wa Uingereza, aliishi mjini Filadelfia mcha Mungu aitwaye Obadia Wardle. Yeye na mkewe Kezia walifungua nyumba ya kupiga chapa vitabu, na cha kwanza kilikuwa kitabu cha sala. Mali yao yote waliitia humo. Kisipouzika, mtambo wa kuchapia unauzwa, nao wanarudi kuwa vibarua.

Sasa sikilizeni ugonjwa wa watu wa mji ule. Kitabu kilichochapwa kwao hawakitaki hata bure. Wanataka cha London tu. Msicheke, hata sisi tunaumwa! Basi wachapaji wenzake wakabuni hila: wanachapa uani kwao, kisha ukurasa wa kwanza wanaandika, "Kimechapwa London."

Dhiki ilipombana, Obadia naye akayapanga maneno hayo kwa herufi za kuchapia, za madini ya risasi. Kezia akaja na wino, akayasoma, akauweka chini.

"Mume wangu, mtu atakishika kitabu hiki amwombe Mungu msamaha. Neno la kwanza atakalolisoma liwe uongo wetu?"

"Tutakula nini, mke wangu?"

"Aliyetulisha jana yupo."

Obadia akalia, mtu mzima yule. Akazing'oa zile herufi, akapanga nyingine: "Kimechapwa Filadelfia, kwa Obadia na Kezia."

Loo, walichekwa! Wateja walivishika vitabu, wakasoma, wakavirudisha rafuni. Miezi ikapita hivyo, nao wakasubiri kwa imani. Kisha baridi kali ikaingia, mto unaopitisha meli ukaganda kuwa barafu, bandari ikafungwa.

Siku moja mchapaji jirani akatoa vitabu vya sala mlangoni, akinadi, "Vipya! Vimewasili jana kutoka London!" Mke wa nahodha mmoja akasimama. Akautazama mto, akamtazama yeye.

"Vimekuja kwa meli gani, bwana?"

Watu wakaangua kicheko. Mama yule akavuka njia hadi kwa Kezia, akafungua ukurasa wa kwanza, akatabasamu.

"Nipe hiki. Kimesema kweli kilikotoka, nitayaamini na yaliyomo."

Waliokuwa wakicheka wakamfuata. Barafu ilipoyeyuka, rafu ilikuwa tupu, na mtambo ungali mahali pake.

Wapendwa, Mola hakuwateremshia malaika. Aliwagandishia mto tu. Tumwombe atujaalie jibu, siku nasi tutakapoulizwa tumekuja kwa meli gani.