Nyumba ya Pimbi na Migongo Mitatu

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, wanyama walipokuwa wakiishi katika nyumba za mbao huko milimani kwenye baridi, Pimbi alikuwa na nyumba ya mtarakwa, ule mti mwekundu unaonukia. Mumewe aliijenga kabla hajafa. Mvua za miaka mingi zikaigeuza nyeusi, kuvu ikatambaa mpaka chini ya paa.

Nyati, mkuu wa kijiji, akatoa amri: kila nyumba iliyooza ibomolewe kabla ya masika.

Pimbi hakukaa kulia. Akachukua sabuni na maji, akasugua ubao mmoja tangu alfajiri. Ukatoka mwekundu, mzima kabisa. Lakini kuta zilikuwa nne, na mikono yake ilikuwa mifupi.

Kabla hajagusa ubao wa pili, Nyati akafika na ndugu zake wawili, kamba za kuangushia kuta shingoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Toa vyombo vyako nje."

"Mzee, haijaoza. Tazama ubao huu."

"Ubao mmoja si nyumba," akasema Nyati, huku akijikuna kwenye nguzo. Kwaru, kwaru, kwaru.

Pimbi akamtazama anavyojikuna. Akaituliza sauti.

"Pole na kupe, Mzee. Kumbe unataka kubomoa dawa yako mwenyewe."

"Dawa gani?"

"Mtarakwa. Umewahi kuona mdudu kwenye sanduku la mtarakwa? Wadudu hawaitaki harufu yake. Ila hapa imefungiwa chini ya uchafu. Mtu hujipaka povu, akajisugua ukutani mpaka harufu itoke."

Ndugu mmoja akanong'ona, "Kaka, mimi wameniingia mpaka masikioni."

Basi wakajipaka povu, wakaanza. Chwaa, chwaa, chwaa!

"Taratibu, wazee wangu. Fuateni ubao ulivyolala. Ukienda kinyume, vibanzi vitakuchoma."

"Ah, kweli vinachoma," akasema Nyati, akageuka upesi.

Watoto wa Pimbi wakamwaga maji. Kuvu ikatiririka kama masizi. Harufu ikapanda, Nyati akafumba macho kwa raha.

"Mkiani bado wananiuma."

"Mkia unataka mafuta, Mzee, na mafuta yanataka ukuta mkavu. Rudini baada ya siku tatu."

"Na kubomoa?"

"Mgonjwa huacha dawa katikati?"

Baada ya siku tatu wakarudi. Wakachovya mikia kwenye ndoo ya mafuta, wakawa wanaipiga ukutani, pwaa huku, pwaa kule, mpaka kuta zote nne zikanywa.

Nyati akarudi nyuma atazame. Nyumba iling'aa kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Akaiangalia, akauangalia mkia wake unaodondosha mafuta.

"Wewe Pimbi. Umetufanya brashi."

"Nisamehe, Mzee. Ungeutazama ubao mmoja, nisingehitaji migongo mitatu."

Ndugu zake wakaangua kicheko. Nyati hakucheka. Watoto wakajificha nyuma ya mama yao. Nyati akatikisa ngozi yake yote, toka pembe hadi mkia, wala hakuwashwa popote.

"Katangazeni," akawaambia ndugu zake. "Kuanzia leo nyumba ioshwe kwanza, ndipo tuseme imeoza."

Mimi nimefika mwisho wa njia. Nanyi ondokeni na hili: kilichochafuka si lazima kiwe kimeoza.